Majina Matano kwenye Ukingo wa Sinia

Maandishi ya kwenye mstari ulionyooka hayana taabu. Unayaandika kwenye kompyuta, unachagua ukubwa wa herufi, na mashine inashusha ncha yake na kuchonga kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyetoa ulimi nje. Kazi inaanza pale mteja anapokuletea kitu cha mviringo. Duara halina kona ya kuanzia. Lazima uamue mwenyewe neno la kwanza likae wapi, la mwisho liishie wapi, na miguu ya herufi ielekee katikati au ielekee nje.

Kazi hiyo nilijifunza Gungu, mjini Kigoma, kwenye karakana ya chumba kimoja na kibaraza. Nilikuwa na elimu ya kidato cha pili na kipande cha tatu, maana cha tatu nilikianza tu. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Fundi, alitoka Shinyanga kufuata kazi ya bandarini, akaoa Kigoma na kusahau kurudi. Alichonga mihuri, vibao vya milango ya ofisi na namba za injini za boti. Mimi alinichukua nifagie vumbi la chuma na kung'arisha vibao. Lakini yeye kukaa mbele ya kompyuta kulimuumiza mgongo, na mimi kulinipa raha ambayo shuleni sikuwahi kuipata, kwa hiyo baada ya muda fagio likabaki ukutani na mimi nikahamia kwenye kiti.

Niliipenda mashine ile kupita kiasi. Ilikuwa meza ya chuma yenye ukubwa wa mlango wa kabati, na juu yake mota yenye ncha kali iliyokwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, kama kompyuta ilivyoiagiza. Wapita njia walisimama kibarazani kuitazama kama wanatazama mpira. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali kuliko wao: kichwani nilikuwa na karakana yangu mwenyewe, yenye mashine mbili, na mlango nilishaupaka rangi ya bluu. Fundi alinitania kwa kuniita Injinia. Nilijifanya nachukia.

Kazi yangu ya kwanza ya mviringo ilikuwa medali za mashindano ya shule. Juu ya medali jina la mashindano, chini jina la mahali. Maandishi ya juu yalitoka vizuri, nikashangilia. Ya chini yalitoka yamening'inia kichwa chini kama popo.

"Injinia," Fundi aliniita, ameshika medali kwa vidole viwili. "Hawa watoto watapokea medali zao wakiwa wamesimama kwa kichwa?"

Akanionyesha kisanduku kidogo ndani ya programu. Ukikibofya, herufi zinajigeuza: miguu iliyokuwa inaelekea katikati ya duara inaelekea nje. Maandishi ya juu miguu iwe ndani, ya chini miguu iwe nje, hapo mtu anasoma yote bila kuinamisha shingo. Nilikibofya kile kisanduku mara nyingi siku ile, bila kazi yoyote, kwa kufurahia tu kuona maneno yakipinduka.

Baada ya medali yakaja masinia.

Kwetu Kigoma sinia halikai nyumbani. Likikaa sana ujue mwenyewe hana watu. Leo limeenda kwenye harusi Buzebazeba, kesho kutwa kwenye msiba Kasingirima, Jumapili kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Shughuli ikiisha, masinia yanarundikwa uani kama magurudumu, na wanawake wanaoosha wanaanza kubishana lipi la nani. Kila mmoja alikuwa na alama yake: tone la rangi ya kucha, kovu la msumari, uzi mwekundu kwenye mkono wa sinia. Rangi hubanduka, uzi hukatika, na kovu la msumari kila sinia linalo. Kwa hiyo iliposikika kwamba Gungu kuna mashine inayoandika jina lisilofutika kwa steelwool wala majivu, Fundi akapata wateja asiowatarajia.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha akina mama wa Buzebazeba. Walitaka jina la kikundi na la mtaa lizunguke ukingo mzima wa sinia. Nikaandika, nikayapinda maneno yakakutana vizuri, miguu ya herufi ndani kwa sababu ndivyo programu ilivyoanza nayo yenyewe. Walipokuja kuchukua, mwenyekiti wao, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, akaweka sinia sakafuni, akakaa mbele yake kama anataka kula.

"Mbona kwangu yamelala chali?"

"Mimi huku nasoma vizuri tu," alisema mwenzake aliyesimama ng'ambo ya sinia.

"Hebu kaa nawe."

Akakaa. Akainama. "Hee! Ya mbele yangu yamepinduka. Yanayosomeka ni ya upande wako."

Mama wa tatu naye akakaa, wakawa watatu wamelizunguka sinia tupu katikati ya karakana, kanga zimekunjwa magotini, na Fundi amejificha nyuma ya mashine anacheka.

"Kwa hiyo kila mtu anasoma ya mwenziwe," mwenyekiti alisema. "Binti, umetufanyia nini?"

Nikaanza kuomba radhi, nikawaeleza habari ya miguu ya herufi. Lakini yule wa pili akanikatiza. "Mwache. Mimi naona ni sawa. Mgeni yuko na tonge mkononi, anasoma jina letu mbele ya tonge lake, si atadhani tunamsimanga? Asome la upande wa pili, aliyekaa kule ndiye asimangwe."

"Na yule wa kule akisoma la huku?"

"Basi wasimangane wenyewe!"

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Mwishowe waliyachukua yale, na waliyoyaleta baadaye wakataka yaandikwe miguu nje. Tangu hapo mteja wa sinia akifika, swali la kwanza la Fundi lilikuwa: "Tuandike kwa anayekula, au kwa anayemtazama anayekula?"

Nilikuwa nachekesha watu kwa hadithi hiyo. Nyumbani niliisimulia wiki nzima. Lakini nyumbani, wakati huo, masikio yalikuwa kwingine.

Sisi tulikuwa wakimbizi, ingawa kwa kututazama usingetutofautisha na majirani. Tulivuka ziwa kutoka Kongo nikiwa msichana wa kubebeshwa sufuria, wadogo zangu wamefuatana nyuma yangu, na kitinda mimba mgongoni kwa mama. Baba hakuvuka. Tulikaa kambini miaka ya mwanzo, kisha mama akapata chumba Kasingirima, akawa anaanika na kuuza dagaa Kibirizi. Watoto tulikuwa sita, mimi wa kwanza. Wadogo zangu waliniita yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, na majirani wa mwanzo walidhani mama, pamoja na shida zake zote, ameajiri mfanyakazi wa ndani.

Mwaka ule mjomba alipiga simu kutoka ng'ambo ya ziwa. Kumetulia, alisema. Kiwanja cha bibi kipo, muhogo umeota, nyumba inahitaji bati tu. Mama alimsikiliza amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, kisha akakata simu. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kuanzia siku ile chumba kizima kilikuwa safarini. Mapacha waligombania nani atakaa ubavuni mwa boti. Kitinda mimba, ambaye Kongo hakuijua kabisa, aliwaeleza watoto wa mtaani habari za Kongo kwa undani wa kutisha. Mama aliuza kitanda, akaagana na waliomdai na aliowadai, akaulizia boti za mizigo Kibirizi. Na mimi niliondoka asubuhi kwenda Gungu na kurudi jioni, kama mtu aliyepanga chumba kwenye nyumba ya watu wenye sherehe.

Hakuna aliyeniambia kama nakwenda au nabaki. Nilimwuliza mama mara moja, tukiwa tunachambua sombe, kisamvu cha kwetu, mlangoni.

"Mama, na mimi je?"

"Tutaona," alisema, akachukua fungu lingine la majani.

Nilikuwa na jibu langu tayari, ndiyo taabu. Akisema twende, nitakwenda. Karakana yenye mlango wa bluu ningeihamishia huko, nilishaanza kuitafutia kiwanja kichwani. Akisema baki, nitabaki. Nilichotaka ni kuambiwa tu. Usiku nililala katikati ya wadogo zangu, mguu wa mmoja juu ya tumbo langu na kiwiko cha mwingine sikioni, nikajiona niko peke yangu kama ambavyo sijawahi kuwa.

Siku moja kabla ya boti, mama alikuja karakana. Hakuwahi kufika pale. Alishuka kwenye bodaboda amekumbatia kitu kikubwa cha duara kilichofungwa kitenge, na nilikijua kabla hajakifungua. Lilikuwa sinia letu.

"Shikamoo, mama," Fundi alimwamkia, akafuta kiti kwa shati lake.

"Marahaba, baba. Ndiyo mashine yenyewe hii? Kumbe ndogo. Huyu anavyoisimulia, nilidhani ina ghorofa."

Sinia lile lilikuwa la alumini, pana, limetoboka mahali pamoja na kuzibwa, na upande mmoja limebonyea. Mama alivuka nalo kichwani. Katika boti ile ya kuja, mawimbi yalipokuwa yanaruka ndani, alilisimamisha mbele ya kitinda mimba kama ukuta. Kambini tulikula juu yake, Kasingirima tulikula juu yake. Kila siku ugali mmoja katikati, na sisi tumelizunguka magoti yakigusana. Mama alikula mwisho, pembeni, kwenye sufuria.

"Nataka liandikwe," alisema. "Kule tunakokwenda wametusahau. Likitoka kwenye msiba wa kwanza nani atajua ni la nani?"

"Tuandike jina lako, mama?" Fundi aliuliza.

"La kwangu la nini? Mimi najijua. Andikeni wenye kula."

Nikachukua penseli. Mama akafumba macho, akaanza kutaja. Hakutaja kwa kufuata kuzaliwa. Alitaja kwa kufuata tulivyokaa, kuanzia upande wa dirisha. Pacha wa kwanza. Halafu yule mdogo wangu mkimya. Pacha wa pili, aliyewekwa mbali na mwenzake kwa sababu ya ugomvi. Halafu yule mvulana ambaye vidole vyake huwa vinatembea kuelekea samaki wa wenzake. Alipofika hapo nilijua ni zamu ya nani, maana kati ya mwizi wa samaki na kitinda mimba nilikaa mimi, mgongo wangu ukielekea mlango, ili niulinde upande wa mtoto.

Mama alivuta pumzi. Mdomo ulikaa wazi kidogo. Kisha akamtaja kitinda mimba.

"Basi," alisema, akafumbua macho.

Fundi aliniangalia, akamwangalia yeye. "Hao tu, mama?"

"Hao."

"Miguu ya herufi ikae nje?" nikauliza. Sauti ilitoka ya kawaida kabisa, nikajishangaa. "Ili kila mtu asome lake."

"Wewe ndiye fundi," mama alisema. Akasimama, akakunja kitenge chake, akaniambia boti inaondoka kesho saa kumi alasiri na yeye atapita kwenye saa sita. Mlangoni alimwambia Fundi aksanti mara mbili. Bodaboda ilikuwa bado inamsubiri.

Fundi akachukua sinia, akaanza kulipapasa pale lilipobonyea.

"Kwa hiyo unabaki," alisema.

"Sijui. Hajaniambia kitu."

"Amekwambia, Injinia."

Nilichukua rula.

Sinia la zamani si duara. Unaweza kudhani ni duara mpaka ulipime. Fundi alikaa nalo sakafuni, akaweka gunia la mchanga chini yake na kugonga pale palipobonyea kwa nyundo ya mbao, polepole, mpaka ukingo ukarudi karibu na ulivyokuwa. Mimi nikapima kutoka ukingo hadi ukingo, nikazungusha, nikapima tena. Kila upande ulinipa jibu lake. Nikachora mistari ya penseli inayokatiza katikati, na pale ilipokutana mingi nikaweka alama. Hapo ndipo mashine ingeambiwa: hapa ndipo sifuri, hapa ndipo dunia inapoanzia. Ukikosea hapo, maneno yatakaribia mdomo wa sinia upande mmoja na kutumbukia tumboni upande mwingine. Na alumini ikishachongwa imechongwa. Sinia lilikuwa moja.

Kisha nikakaa kwenye kompyuta. Nikachora duara lenye upana wa ukingo. Nikaandika majina.

Programu ile haijui watu. Unaipa maneno, unaiambia yawe mangapi kwenye duara, nayo inagawa. Niliandika sita. Sikuamua kuandika sita. Vidole vilikwenda tu, pacha, mkimya, pacha, mwizi, mimi, kitinda mimba, na nilipobofya, wote sita wakakaa kwenye kioo, kila mmoja na kipande chake sawa na mwenzake. Nikalitazama jina langu likiwa limepinda kidogo, kama mtu aliyeinamia chakula. Lilikuwa limekaa vizuri. Nilikaa nalo hivyo kwa muda uliomtosha Fundi kwenda kununua chapati na kurudi.

Nikalifuta.

Pakabaki wazi. Wale watano walikuwa bado wamekaa mahali pao, na kati ya mwizi wa samaki na kitinda mimba palikuwa na pengo, jeupe, la ukubwa wa jina langu.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu na chapati mbili kwenye gazeti. "Acha hivyo hivyo," alisema taratibu. "Nafasi ikae. Siku ukiwafuata utaijaza."

Wazo lile lilinivutia, siwezi kusema uongo. Nilijiona nimefika, boti imeniteremsha, sinia limebebwa mpaka kwenye karakana yangu ya huko, nami najiandika. Nilishaanza hata kuchagua aina ya herufi. Halafu nikamwona kitinda mimba. Nikamwona kila mchana, kila jioni, anakula na macho yake yanaangukia mahali patupu ubavuni kwake, palipoachwa makusudi. Angeuliza. Mama angejibu. Kesho yake angeuliza tena. Kuna nyumba moja Kasingirima ambako waliendelea kumwekea kijana wao kijiko miaka na miaka baada ya kupotea ziwani, na nilipotumwa pale wakanikaribisha chakula, sikuweza kula.

Sisi kwenye sinia letu hatukufanya hivyo. Mtu akishiba akinyanyuka, waliobaki walisogea. Hakuna aliyeamrisha; goti lako lilihisi ubaridi upande ule, ukasogea, na jirani yako naye akasogea, mpaka duara likafungwa tena.

Nikabadilisha namba kwenye programu. Badala ya sita, tano. Nikabofya.

Wakasogea. Wote kwa pamoja, kidogo kidogo, pacha kuelekea dirishani, mkimya kumfuata, mwizi wa samaki akajivuta, kitinda mimba akaja upande wake, wakagawana nafasi yangu mpaka usingejua ilikuwa wapi.

"Haya," nilisema. "Twende tukafunge sinia."

Fundi aliniwekea chapati moja karibu na mkono, akaenda kutafuta skrubu.

Tulilifunga juu ya meza ya mashine na vipande vya mbao chini ya ukingo, ili lisitetemeke na kupiga kelele. Nikaizungusha mashine kwanza hewani, ncha ikiwa juu, ipite njia yote bila kugusa, nikiifuata kwa macho kama mtu anayefuata nzi. Ilipita salama. Nikadondosha mafuta ya taa kwenye ukingo, ili alumini isigandie kwenye ncha, na nikaishusha.

Ilianza na pacha wa kwanza. Sauti ile ya ncha kwenye alumini ni kali, lakini ukiizoea inakuwa kama mtu anayeimba kwa pua. Nyuzi nyembamba za alumini zilijikunja zikaanguka tumboni mwa sinia, zinang'aa. Nikazipuliza. Jina moja baada ya jingine, miguu nje, vichwa ndani. Pale palipogongwa na nyundo ncha ilizama kidogo zaidi, na herufi mbili za kitinda mimba zikawa nene kuliko za wenzake. Nilitaka kulia kwa sababu ya herufi mbili. Fundi alisema zimempendeza, mtoto wa mwisho huwa ananenepeshwa.

Kesho yake mama hakupita saa sita. Alituma ujumbe kwamba mizigo imemshinda, nilipeleke sinia Kibirizi. Nikaenda nalo kwenye bodaboda, limesimama kati yangu na dereva kama mtu wa tatu.

Ufukweni palikuwa na kelele za kila siku: magunia ya sukari na mabati yanapanda, wapagazi wanatukanana kwa Kiha na Kiswahili, harufu ya dagaa na dizeli. Wadogo zangu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao kama kuku sokoni. Waliponiona walirukia sinia.

"Liko wapi langu?"

"Langu hili hapa! Yaya, mbona lake refu?"

"Kwa sababu jina lake refu, mpumbavu."

"Yaya, haya ya kwangu yamekolea!" Kitinda mimba alikuwa anaziparuza zile herufi mbili kwa ukucha, anafurahi.

Mama aliwanyang'anya. Alilishika kwa mikono miwili kama usukani, akalizungusha taratibu, kidole gumba kikipita juu ya majina. Mama hakusoma sana, lakini majina ya watoto wake aliyajua kwa umbo. Kidole kilipita kwa mvulana, kikaendelea, kikafika kwa kitinda mimba. Kikarudi nyuma. Kikapita tena.

"Umewasogeza," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akaweka sinia chini, juu ya gunia. Akanivuta pembeni, nyuma ya rundo la mabati, mahali ambapo wale watano wasingetuona.

"Nilitaka kukutaja," alisema. "Ulikuwa mdomoni."

"Nilikuona."

"Ningekutaja ungepanda boti."

"Ningepanda."

"Basi." Alinishika shavu, mkono wake una magamba ya dagaa kama kawaida. "Kule hakuna mashine, mama. Kuna muhogo. Mimi ningekuona kila siku unalima muhogo na macho yako yako huku. Ningekulaje mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nenda au baki, na hapo nilikuwa nimeambiwa, na bado nilitaka aseme tena, kwa maneno mengine, aseme taratibu, boti ichelewe. Mtu wa boti akaanza kuita. Mama akanisukuma kidogo begani, vile anavyonisukuma nikichelewa kazini.

Nilimbeba kitinda mimba ndani ya maji mpaka botini, ingawa alikuwa mkubwa na aliona aibu. Mapacha walipata ubavu wote wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa hiyo hawakugombana. Mama alikaa katikati amelipakata sinia. Boti iliondoka, wakapunga mikono, nikapunga, na walipokuwa wadogo kiasi cha kutowatofautisha niliendelea kupunga kwa sababu sikujua ni nani angeacha kwanza.

Chumba cha Kasingirima nilikirudisha kwa mwenyewe. Nikapanga kijumba nyuma ya karakana, Gungu, chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Siku za mwanzo nilisonga ugali wa watu saba bila kujua, nikasimama juu yake na mwiko mkononi. Muuza samaki aliniuliza "Mgebuka mmoja tu?" kwa mshangao, na siku ya pili pia, na siku ya tatu hakuniuliza tena. Nilikula kwenye sahani. Ilikuwa ndogo, nilimaliza haraka, na baada ya kumaliza jioni ilibaki ndefu sana. Kazini nilicheka kama kawaida. Nilichonga masinia ya watu, nikauliza lile swali la Fundi, nikafunga mlango, nikazunguka nyuma, na hapo palikuwa hakuna mtu wa kumsimulia nani alisema nini.

Miezi ilipita bila habari zaidi ya kwamba wamefika. Kisha Jumapili moja alasiri, nikiwa nafua, simu ikaita mlio wa ujumbe wa sauti, namba ya ng'ambo. Nikafuta povu mikononi, nikaifungua.

Mwanzoni ilikuwa kelele tupu, na jogoo. Kisha pacha mmoja: "Sogea huko, jina lako liko kule!" Mwingine: "Sinia limegeuzwa, mimi nimefuata jina langu!" Mvulana wa samaki analalamika kwamba mama amelizungusha makusudi ili kichwa cha samaki kiende kwa mwingine. Kitinda mimba anapiga kelele karibu kabisa na simu, anapumua: "Yaya, unatusikia? Mjomba amenunua simu kubwa! Juzi sinia letu lilikwenda kwenye harusi, na likarudi lenyewe!"

"Halikurudi lenyewe, lililetwa," sauti ya mama ilisema kwa mbali. "Mwambieni tunakula."

"Yaya, tunakula!"

"Si hivyo. Mkaribisheni."

Wakapiga kelele wote watano kwa pamoja, kwa nguvu, midomo imejaa, kama mtu anavyomkaribisha mpita njia aliyemkuta chakulani: "Karibuuu!"

Ujumbe ukaishia hapo.

Nilisimama uani na simu mkononi, povu linakauka viganjani. Jirani yangu alikuwa ametoka, tangi la maji lilikuwa linadondosha matone. Nikajibu kwa sauti, kama inavyopasa kumjibu mtu aliyekukaribisha, "Asante, endeleeni." Kisha nikaenda kuwasha jiko, maana mpaka saa hiyo nilikuwa bado sijala.